Vitasa Visivyo na Ufunguo: Je, Vyatufaa?

Siku hizi, katika nyumba mpya za Kampala na miji yetu mingine, mtu huweza kuona mlango usio na tundu la ufunguo. Mahali pa tundu pana vibonye vya tarakimu, au kioo kidogo cha kuwekea kidole. Tena wako watu wafunguao milango yao kwa simu. Darasani kwetu mabishano juu ya vitasa hivi hayaishi. Wengine husema ni maendeleo, wengine husema ni anasa tupu. Mimi nina maoni yangu, nayo sikuyapata vitabuni, kwa maana kitasa cha namna hii kilitulaza jikoni usiku mmoja, mimi na mama yangu.

Kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe. Kitasa tulichokizoea, kile chenye ufunguo bapa wenye meno, kilitokana na kazi ya Linus Yale wa Marekani, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1861. Ndani yake mna vijiti vidogo vya chuma. Ufunguo wake huviinua kila kimoja kwa kadiri yake, ndipo kitasa kizunguke. Wazo hilo ni la kale sana, maana Wamisri wa zamani walikuwa na makomeo ya mbao yaliyofanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kitasa kipya hakikuondoa komeo. Komeo la chuma lingalipo. Kilichobadilika ni mkono ulivutao. Badala ya mkono wa mtu ni mota ndogo iendeshwayo kwa betri, nayo hungoja mpaka namba, kidole au simu itambuliwe.

Faida zake si haba. Ufunguo wa chuma hupotea, na aliyeuokota aweza kuchongesha mwingine. Namba haidondoki barabarani. Na ikijulikana kwa asiyestahili, hubadilishwa mara moja bila kumwita fundi. Mtumishi akiacha kazi, namba yake hufutwa. Vitasa vingine huandika saa aliyoingia kila mtu, hata mzazi aliye kazini akajua kwamba watoto wamekwisha kurudi nyumbani. Wala si rahisi kubahatisha. Tarakimu nne huweza kupangwa kwa namna 10,000, na tarakimu sita kwa namna 1,000,000, na vitasa vingi hugoma kwa muda mtu akikosea mara kadhaa.

Hasara nazo zipo. Wengi hudhani kwamba umeme ukikatika mlango hautafunguka. Si kweli, maana vitasa vingi hutumia betri zake vyenyewe; lakini betri huisha, na mwenye nyumba asiyejali onyo la kitasa atabaki nje. Tena, anayetegemea kufungua kutoka mbali hutegemea intaneti. Sisi wa Uganda hatukusahau kwamba Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hata huko Marekani, Agosti 2017, kampuni moja ilivitumia vitasa vyake maagizo mapya kwa njia ya intaneti, kumbe yalikuwa maagizo ya aina nyingine. Vitasa kama 500 vikaharibika, na namba za wenyewe hazikufanya kazi tena. Mwisho, kitasa cha thamani hakiutii nguvu mlango wa mbao nyepesi, wala hakizibi dirisha lisilo na nondo.

Lakini hasara kubwa kuliko zote sikuisikia ikitajwa katika mabishano yetu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nyumbani kwetu ni milimani, juu ya Mbale. Mwaka jana wezi waliingia wakachukua redio na magunia mawili ya kahawa. Kaka yangu, afanyaye kazi Kampala, alihuzunika sana, akaja na kitasa cha kidole na namba, akakifunga mwenyewe. Aliweka alama ya kidole cha Mama na cha kwake. Namba ya siri hakumwambia Mama, kwa hofu kwamba ataitaja mbele ya majirani. Ufunguo wa chuma wa dharura akaondoka nao, usije ukapotea. Yote hayo aliyafanya kwa mapenzi, na mimi sina neno la kumlaumu.

Siku shule ilipofungwa nilifika nyumbani jioni, mvua ikinyesha. Nilimkuta Mama amekaa chini ya upenu wa jiko la nje, jembe kando yake, nguo zimelowa. Alikuwa ameweka kidole mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Mama amelima tangu utoto wake. Ngozi ya vidole vyake imelika kwa mpini, na siku ile ilikuwa na maji na udongo. Kitasa hakikumjua. Mimi pia hakikunijua, kwa sababu nilikuwa shuleni kilipofungwa. Tulimpigia kaka simu. Alikuwa zamu ya usiku, simu ameizima. Nilitaka kuvunja dirisha, Mama akakataa. Akasema, "Nyumba hii niliijenga na baba yenu. Leo inaniuliza mimi ni nani." Tukakoka moto, tukalala jikoni. Asubuhi kaka alipopokea simu, alitutajia tarakimu sita, na mlango ukafunguka papo hapo.

Neno lililoniuma si mvua wala moshi. Mama huyo huyo ana namba yake ya siri ya fedha za simuni, na hajamtajia mtu yeyote, hata mimi. Ameitunza miaka mingi. Kumbe angeweza kuitunza na namba ya mlango wake pia, lakini hakuna aliyemwuliza. Tulimlinda na wezi kwa kumfanya mgeni nyumbani kwake.

Kwa hiyo, nikiulizwa kama vitasa hivi vyatufaa, najibu kwamba vyatufaa, lakini kwa masharti. La kwanza, mwenye nyumba mwenyewe awe na namba, hata akiwa mzee, hata akiwa hakusoma. La pili, kitasa kiwe na tundu la ufunguo wa chuma, na ufunguo huo ukae karibu, kwa jirani aaminiwaye, si katika mji ulio mbali. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. La tatu, kabla fundi hajaondoka, kila mkaaji wa nyumba ajaribu kufungua, mtoto na bibi, kwa mkono mkavu na kwa mkono uliolowa. Akishindwa mmoja, basi kitasa hicho si cha nyumba ile.

Ninyi kaka zetu mliotutangulia katika shule hii, wengi wenu sasa mna mishahara, na mnapenda kuwapelekea wazazi vitu vizuri. Msiache kufanya hivyo. Lakini mnapopeleka kitasa, pelekeni na siri yake, muiweke mkononi mwa mama. Kaka yangu alikuja mwezi uliofuata, akamrudishia Mama ufunguo wa chuma. Akaufunga katika ncha ya leso yake, na namba anaijua kwa moyo. Tangu siku ile hakuna aliyelala jikoni.