Malori Yamekwisha, Majina Yamebaki

Abiria wa matatu atokaye Eastlands kuelekea mjini humsikia makanga akipaza sauti, "OTC! OTC!" Watu hushuka pale wakaenda zao, na sidhani kama mmoja kati ya mia hujiuliza herufi hizo tatu zilikuwa za nani. Zilikuwa za kampuni ya mabasi. Mabasi yenyewe yalitoweka barabarani zamani, lakini kituo kingali kinaitwa kwa jina lake, na kitaitwa hivyo hata na wajukuu wetu.

Atembeaye kidogo kutoka hapo hufika Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps iliyopita katika midomo ya Waswahili: jeshi la wapagazi waliobeba mizigo ya Waingereza vichwani katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Zaidi ya 40,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao. Ukienda upande wa Embakasi utakuta Etcoville, jina lililotokana na herufi za kwanza za Express Transport Company, kampuni ya uchukuzi iliyoanzishwa mwaka 1918. Halafu kuna Mukuru kwa Reuben. Wenyeji husimulia kwamba huyo Reuben alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa askari vitani, na kwamba aliyaweka malori yake ya kukodisha mahali pale kabla vibanda havijajaa.

Ndugu msomaji, hebu yaweke majina hayo pamoja. Utaona kwamba mashariki mwa Nairobi kumeandikwa historia nzima ya kubeba mizigo, kuanzia kichwa cha mpagazi hadi gurudumu la lori. Lakini imeandikwa katika majina ya vituo na mitaa tu. Hatuna kitabu chake kwenye rafu za shule, wala nyumba ya kuihifadhi. Hilo ndilo nitakalo kulisema leo.

Mimi nililelewa Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Upande mmoja tulikuwa na Barabara ya Jogoo, ambayo wazee waliendelea kuiita Doonholm Road miaka mingi baada ya uhuru. Upande wa pili, ng'ambo ya njia ya gari moshi, ndiko kulikokuwa na Eneo la Viwanda. Asubuhi wanaume wa Makongeni, Kaloleni na Mbotela walivuka reli kwa miguu, wengine bila kiamshakinywa, wakaingia katika barabara za Likoni, Lunga Lunga, Enterprise na Commercial Street. Huko kulikuwa na unga, sabuni, mafuta ya kupikia, sigara, rangi na vyuma. Kila kilichotengenezwa kilihitaji lori la kukitoa, na kila malighafi ililetwa na lori lingine.

Sisi watoto tulilijua lori kwa mngurumo wake kabla halijatokea. Tulikuwa na Bedford ya pua ndefu, ile iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958; tulikuwa na Leyland, Albion na Commer, na Mercedes yenye uso wa mviringo ambayo madereva waliiheshimu kwa kupanda milima. Katika miaka ya 1970 magari makubwa yalianza kuunganishwa hapa hapa nchini. Leyland walikuwa na kiwanda Thika, na General Motors wakaanza kazi Nairobi mwaka 1977 wakiunganisha Bedford na Isuzu. Kiwanda hicho cha Nairobi hivi sasa kinaitwa Isuzu East Africa, tangu mwaka 2017.

Kampuni nyingi za uchukuzi zilikuwa za jamaa moja: baba na wanawe, malori manne au sita, na ua uliozungushiwa mabati. Jina la mwenye mali liliandikwa mlangoni kwa rangi, pamoja na nambari ya sanduku la posta na uzito wa gari likiwa tupu. Wengi wa wenyewe walikuwa Wahindi, na mafundi wengi mashuhuri walikuwa Masingasinga, hata neno Kalasinga likawa kama cheo cha ufundi katika masikio ya watu. Chini ya mafundi hao walijifunza vijana wetu Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo na Waluhya. Baadaye vijana hao walifungua gereji zao chini ya miti na kandokando ya Grogan, ambayo kwenye ramani ni Kirinyaga Road.

Haikuwa biashara rahisi. Serikali ya kikoloni iliilinda reli yake kwa sheria ya leseni za uchukuzi ya mwaka 1937, hivi kwamba mwenye lori hakuweza kupeleka mzigo popote alipotaka bila idhini. Baada ya uhuru milango ilifunguka. Ian Smith alipojitangazia utawala Rhodesia mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilitafuta njia za kaskazini za kupitishia bidhaa zake, na malori ya Kenya, yakiwemo ya Kenatco, yakawa yanakwenda hadi huko kupitia Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Tanzania ulifungwa Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kampuni zilizotegemea safari hizo zilipata pigo kubwa. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo aliijua Kenatco kama kampuni ya teksi, na ukimwambia ilikuwa na malori atadhani unamtania.

Lakini lori halijiendeshi wala halijipakii. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alikuwa na nambari ya kazi, sare, na nyumba tuliyolala. Mdogo wake, baba mdogo wangu, alikuwa taniboi katika kampuni moja ya malori ng'ambo ya reli. Wazee walitueleza kwamba neno taniboi lilitokana na kazi ya kuzungusha hendeli mbele ya injini ili iwake, kazi iliyoweza kumvunja mtu mkono hendeli ikirudi nyuma kwa nguvu. Watanzania humwita mtu huyo utingo. Yeye ndiye aliyefunga turubai, akatia maji kwenye rejeta, akabadilisha magurudumu, akaruka chini mlimani na gogo mkononi ili aliweke nyuma ya tairi breki zikilegea. Usiku alilala juu ya mzigo kuulinda. Njia ya Mombasa ilipokuwa bado ni vumbi na matope sehemu kubwa, safari ya maili 300 iliweza kuchukua siku kadhaa, na mara nyingi baba mdogo alisema chakula chake cha maana kilikuwa kile cha bure alichopewa katika hekalu la Masingasinga pale Makindu, ambapo msafiri haulizwi dini yake.

Ili usidhani natia chumvi, tufanye hesabu. Lori la tani 7 lilibeba magunia 77 ya mahindi, kila gunia kilo 90. Makuli wanne wakilipakua, kila mmoja alibeba magunia 19 au 20 mgongoni, yaani zaidi ya kilo 1,700, akipanda ngazi ya ubao hadi ghalani. Hilo ni lori moja. Siku njema kwa mwenye kampuni ilikuwa siku ya malori matatu.

Baba mdogo alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Hazina ya NSSF ilikuwapo tangu mwaka 1965, lakini yeye aliandikwa kama kibarua wa siku, kila siku upya, kwa hivyo hakuwa na kadi. Asubuhi moja katika miaka ya 1980 alifika langoni akakuta kufuli jipya na bawabu asiyemfahamu. Kampuni ilikuwa imeuzwa na malori yameondolewa. Hakuna aliyemdhulumu kwa ngumi wala kwa matusi. Hakuwamo katika daftari lolote, basi. Alipokwenda kutafuta haki yake aliulizwa ushahidi kwamba aliwahi kuajiriwa, na ushahidi aliokuwa nao ni mgongo uliopinda. Ndugu wawili walitoka nyumba moja kwenda kazini asubuhi, wote wakisafirisha mali ya nchi hii. Mmoja ana faili. Mwingine hana hata mstari.

Tofauti hiyo haikuishia kwao. Reli ina makumbusho yake hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mtoto wa shule huenda akaona magarimoshi ya mvuke, akaona na behewa ambalo simba alimtoa Bwana Ryall pale Kima mwaka 1900. Ni mahali pazuri, na sina ugomvi napo. Lakini mtoto huyo huyo akiuliza ni nani aliyeutoa mzigo stesheni na kuupeleka Murang'a, Kitui au Kisii, hatuna mahali pa kumpeleka.

Malori yenyewe yalikwenda wapi? Hayakutupwa, kwani Eastlands haitupi kitu. Springi zilikwenda kwa wahunzi wa Gikomba na Kamukunji zikawa panga na patasi. Matairi yakawa akala. Ekseli ikawa mkokoteni wa kuleta maji na mboga. Alumini ya injini iliyeyushwa ikawa sufuria, na mbao za bodi zikawa kuta za vibanda. Inawezekana kabisa kwamba mama fulani pale Maringo anapikia Bedford bila kujua. Mimi nauheshimu ufundi huo, maana uliwalisha watu wengi. Lakini ndio sababu ni vigumu leo kupata hata gari moja zima la miaka ile, na bei ya chuma chakavu haiwangojei wanahistoria.

Wako watakaosema kwamba jiji lenye shida ya maji, nyumba na barabara haliwezi kushughulikia magari mabovu. Hoja yao ina uzito, nami siombi jumba la mamilioni. Lori moja chini ya paa la mabati katika ua wa makumbusho yaliyopo latosha. Ninachokiona kuwa cha haraka zaidi ni karatasi na sauti. Kampuni chache za zamani zingali hai, au watoto wa wenyewe wangali hai, na katika makabati yao mna madaftari ya mishahara, risiti za mizigo na picha za siku ya kununua gari jipya. Vitu hivyo vikipelekwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue havitaigharimu serikali zaidi ya rafu moja. Vikichomwa siku ua utakapouzwa ili pajengwe ghala, vimekwisha.

Sauti ni jambo la haraka zaidi. Mipango ya kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands na kuinua majumba ya ghorofa imekwisha anza, na nyumba zikibomolewa wazee hutawanyika, huyu akaenda Kayole, yule akarudi mashambani. Mtaa ndio uliowaweka pamoja madereva, mataniboi na makuli wa kampuni moja, wakawa wanakumbushana. Baada ya kutawanyika, kila mmoja hubaki na nusu ya hadithi. Kazi yenyewe nayo yabadilika. Tangu reli mpya ya Mombasa ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, makontena mengi huja kwa treni, na winchi hupakua kwa dakika chache kile kilichowachukua makuli mchana kutwa. Sililii gunia la kilo 90. Nalilia aliyelibeba asiandikwe mahali.

Walimu wa historia wa shule za Makadara, Kamukunji na Embakasi wanaweza kuanza bila kungoja bajeti. Mwanafunzi apewe daftari, aende kwa jirani aliyewahi kufanya kazi Eneo la Viwanda, amwulize mambo manne: ulifanya kazi wapi, mlibeba nini, mlilipwa kiasi gani, na nani alikuwa nawe garini. Hilo swali la mwisho ndilo ningeomba lisisahaulike. Reuben anakumbukwa na mtaa mzima kwa sababu malori yalikuwa yake. Majina ya waliolala juu ya mizigo hiyo yamo katika vichwa vya wazee wachache wa miaka themanini, na simu ya mkononi iliyo mfukoni mwako inaweza kurekodi.