Usimpongeze Mkuu wa KALRO. Muulize Mbegu Iko Wapi

Wasee, ile posti mnaijua. Mkuu mpya wa shirika la serikali ameketi nyuma ya meza kubwa, bendera pembeni, maua mbele yake. Chini yake komenti ni "Hongera sana mkuu" kuanzia juu hadi mwisho. Halafu kunakuja vipaumbele: uvumbuzi, ushirikiano, mageuzi. Tunaweka emoji ya moto, tunapita.

Mimi leo sipiti. Nataka tuongee kuhusu KALRO, shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo. Liliundwa kwa sheria ya 2013, ikaunganisha KARI ya zamani na vituo vya utafiti wa kahawa, chai na sukari. Makao makuu yako Loresho, hapa Nairobi. Lina taasisi 16 nchi nzima, na moja iko Kiboko, kaunti ya Makueni.

Utasema Kiboko hupajui. Unapajua, ulikuwa tu umelala. Ukipanda basi la usiku la Mombasa, ukishapita Emali na kabla ufike Makindu, hapo ndipo. Na Oktoba 2022, wakati Baraza la Mawaziri lilipoondoa marufuku ya GMO iliyokuwa imedumu miaka kumi, sote tulipigana mtandaoni wiki nzima. Wangapi walijua kwamba mahindi hayo ya GMO yalikuwa yamejaribiwa kwa miaka Kiboko, ndani ya ua uliolindwa? Tulibishana kuhusu shamba ambalo tumelipita tukikoroma.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi inayofanyika Kiboko si mchezo. Tangu 2013 kuna kituo pale, cha KALRO na CIMMYT, kinachotengeneza mistari safi ya mahindi kwa misimu miwili hivi, kazi ambayo kwa njia ya kawaida huchukua misimu sita au zaidi. Kuna watafiti wa nyasi za nyika, zile Wakamba wanaziita mbeetua na ndata kivumbu, za kufufua ardhi iliyobaki uchi. Wanasayansi sina shida nao. Shida yangu ni na ile meza yenye maua.

Acha niwaambie kuhusu susu yangu. Anaishi upande wa Makindu, na kutoka kwake hadi Kiboko ni nauli ya boda tu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Susu huhifadhi mbegu yake ya ndengu kwa chupa za plastiki, na majivu juu. Msimu wa tatu, chupa zikaanza kufunguliwa. Msimu wa tano, mbegu yote ilikuwa imeliwa. Ukisikia mtu amekula mbegu, jua amekula kesho yake.

Oktoba 2023 mvua ikaja, tena ya El Niño. Susu hana mbegu. Akanunua dukani mfuko ulioandikwa vizuri tu. Ndengu zikaota moja hapa, moja kule, kama meno ya mtoto. Alipopata mbegu nyingine na kupanda tena, mvua ilikuwa inaaga. Msimu ulioloweka nchi nzima, yeye alivuna debe moja na nusu.

Kinachoniuma ni kwamba mbegu nzuri ilikuwepo. KALRO ina ndengu zinazoitwa Biashara, Tosha na Karembo, zenye punje kubwa na zinazokomaa mapema. Susu hajawahi kuziona. Anajua N26, ile wanaiita nailoni, mbegu ya zamani. Kwa mahindi bado anataja Katumani, mbegu iliyotoka miaka ya 1960, kabla mama yangu azaliwe.

Najua jibu la ofisi: "Sisi ni watafiti, kuuza mbegu ni kazi ya kampuni." Sawa, tufuate hiyo hoja. Kampuni inapenda mahindi chotara kwa sababu mkulima lazima arudi dukani kila msimu. Akipanda punje alizovuna, mazao yanashuka. Ndengu na kunde haziko hivyo. Ukinunua leo, unavuna, unaweka chupani, unapanda miaka mitatu bila kumpa mtu shilingi. Kwa mkulima hiyo ni baraka. Kwa kampuni ni hasara. Kwa hivyo hakuna mfanyabiashara anayekimbilia kuzalisha ndengu kwa ajili ya Makueni na Kitui, na sitamlaumu, biashara ni biashara.

Lakini basi ndiyo sababu tuna shirika la umma! Kazi ambayo haina faida kwa kampuni na ina faida kwa nchi, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Mkuu wa KALRO akiiachia soko, ameacha kile pekee ambacho soko haliwezi kumfanyia susu.

Na pesa? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kukaribia hapo. Tukaegemea wafadhili, na mapema 2025 Marekani ikafunga mfereji wa misaada, miradi ya utafiti ikakwama Afrika nzima. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayeleta pesa ndiye huamua ni zao lipi litafitiwe, na mfadhili wa mbali haamki usiku akiwaza ndengu za Makindu. Mkuu anayetaka heshima yetu aende Bungeni akaidai hiyo asilimia 2 mbele ya kamera, badala ya kusubiri kukata utepe.

Kwa hivyo nina maswali matatu kwa yeyote atakayekalia hicho kiti, awe mpya au wa zamani. Moja: msimu huu mmezalisha kilo ngapi za mbegu ya ndengu, kunde, mbaazi na mtama, na zimeuzwa maduka gani? Mbili: kati ya pesa za Kiboko, ngapi ni zetu na ngapi ni za wageni? Tatu: umeajiri watafiti wangapi vijana, maana kuna wenzetu wamesomea kilimo na wanaendesha boda? Majibu yabandikwe wazi kila Septemba, kabla mvua ya Oktoba.

Usiniambie haya ni mambo ya ushago. Ndengu unayokula na chapati hapo Umoja ina mtu aliyeipanda, na huyo mtu anazeeka.

Mvua ya Oktoba itakuja, na susu atasimama tena mbele ya duka na noti mkononi. Siku ukiona picha ya meza na maua, usiandike hongera. Andika: "Mkuu, Makindu mmepeleka kilo ngapi?" Tukiandika elfu moja, mtu atalazimika kuhesabu.