Nadharia ya Fasihi Haianzii Petrograd

Wiki nzima nimekesha hapa Mabatini nikisahihisha mitihani ya kozi ya utangulizi wa nadharia ya fasihi. Swali lilimtaka mwanafunzi achague shairi moja na aeleze linavyojenga maana. Karibu wote wamenijazia kurasa mbili za wasifu wa Ferdinand de Saussure. Shairi lenyewe limeguswa kwa sentensi moja mwishoni, kama mgeni anayepewa maji akiwa mlangoni.

Siwalaumu. Ndivyo tulivyowafundisha. Muhtasari wetu unaanzia kwa Warusi wa Petrograd, unapita Geneva na Paris, na Afrika unaikumbuka wiki ya mwisho, wakati darasa zima linahangaikia ada ili liruhusiwe kuingia kwenye mtihani. Mwanafunzi anahitimu akiamini kwamba kufikiri kuhusu fasihi ni kazi ya wengine, na yake ni kunukuu.

Huo ni uongo, na kwa sisi wa Mwanza ni uongo wa aibu. Panda meli ya Nansio: huko Ukerewe, kijijini Namagondo, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Wanafunzi wanamjua kwa Rosa Mistika. Wasichoambiwa ni kwamba mwaka 1985 alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hiyo ni nadharia tupu! Lakini kwetu yeye ni nyama ya kuchambuliwa tu. Visu twaagiza ng'ambo.

Tena kuna ule ugomvi wa mashairi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyovipa kisogo vina na mizani, na walinzi wa sheria wakasema hayo si mashairi. Shairi ni nini? Nani ana mamlaka ya kuamua? Warusi nao walihangaikia umbo, ila sisi tuligombana kwa Kiswahili.

Niliwahi kuufungua muhula kwa ugomvi huo, katika chuo nisichokitaja. Binti mmoja aliyekuwa kimya siku zote alisimama akasema nyimbo za kulimia za bibi yake hazifuati mizani ya Abedi, na hakuna aliyewahi kusema si nyimbo. Darasa likalipuka. Tulipofika kwa Shklovsky, walikuwa na la kumuuliza. Mwezi uliofuata nikapokea barua: nimekiuka muhtasari.

Sisemi Saussure afukuzwe. Hata Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba, walipodai Nairobi mwaka 1968 kwamba Afrika iwe kitovu cha masomo ya fasihi, hawakuifungia dunia mlango. Nawauliza ninyi mnaopitisha mitaala mkiwa ofisini: hawa watakuwa walimu wa kidato cha tano mwaka kesho kutwa, watafundisha nini zaidi ya kunukuu?

Muhula ujao naanza tena na Kichomi. Barua ya pili nitaisaini nikiipokea.