Barua ya wazi kwa Idara ya Menejimenti ya Maafa: wapeni utaalamu wanaoezeka Masasi na Newala

Ndugu Mkurugenzi,

Upepo wa mwanzo wa mvua ukiezua nyumba kumi katika kijiji kimoja cha Newala, habari hiyo ni nadra kufika Dodoma, na hata ikifika haina uzito. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Serikali ilisema wazi kwamba haitamjengea kila mwananchi nyumba. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba 2023 ilijenga nyumba zaidi ya 100, jambo la kupongezwa, lakini Hanang ulikuwa msiba wa taifa zima. Nyumba kumi za Newala, kwenye uwanda wa Makonde, hazitakuwa hivyo kamwe. Wanaozisimamisha ni ndugu, majirani, na waumini wanaotangaziwa baada ya ibada kwamba Jumamosi kuna kazi, kila mtu aje na nyundo yake. Naomba Idara yako iwaingize watu hawa katika kamati za maafa za kata na vijiji, na iwape kile wanachokikosa, yaani utaalamu.

Itazameni nyumba iliyoezuliwa. Mara nyingi kenchi ilikaa tu juu ya ukuta wa tofali mbichi, ikishikwa na uzito wake au na kipande cha waya kwenye msumari mmoja. Upepo huingia chini ya paa la baraza lililounganishwa na paa kubwa, ukanyanyua vyote kwa mpigo. Wanaojitolea huokota bati, huzinyoosha, huzigongelea palepale zilipotoka. Wamefanya kazi ya upendo, na nyumba imerudi kuungoja upepo mwingine. Dawa yake inajulikana: waya mzito ushuke ndani ya ukuta mistari kadhaa ya tofali kabla ya kufungwa kwenye kenchi, papi zikaribiane ukingoni mwa paa, baraza liezekwe peke yake. Hayo hayahitaji zege nyingi, na ni heri, kwa kuwa Newala maji hupandishwa kwa mitambo kutoka bondeni.

Kwa nini nianze na waumini wa kanisa? Kwa sababu limekuwepo. Misheni ya Kianglikana ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Parokia na mitaa yao vina viongozi, zamu za kazi na mafundi wanaofahamika kwa majina. Kimbunga cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi, na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Siku kimbunga kama hicho kitakapotua tena upande wetu, hakutakuwa na muda wa kuanza kutafuta nani anajua kuezeka.

Watakuwepo wa kusema Serikali haina dini, na kwamba Waislamu, ambao ni wengi Newala, watasahauliwa. Hofu hiyo ni ya haki. Basi orodha ya waathirika iandikwe na kamati ya kijiji kwa kupima uharibifu, na vijana wa misikitini waandikishwe na kufundishwa siku ileile, darasa lilelile. Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la pili: kwamba halmashauri zitaona mikono ya bure na kuacha kutenga fedha. Ndiyo maana naomba iandikwe kabisa kwamba wanaojitolea wanatoa nguvu kazi tu. Mbao, bati na misumari vibaki katika bajeti ya halmashauri, na mkaguzi aulize viko wapi. Bila sharti hilo, mpango huu usianzishwe.

Mafunzo yafanyike lini? Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha zikishalipwa familia nyingi hununua bati, wiki chache kabla ya mvua kukolea. Mhandisi wa halmashauri akikaa siku mbili na mafundi wa parokia na misikiti mwezi Septemba, nyumba za mwaka huuhuu zitaezekwa kwa namna nyingine.