Mzae asiache dawa juu ya video yako

Wasee, hii maneno lazima tuiongelee. Kila nikifungua simu napata mtu ameshika kikombe cha ndimu na tangawizi akituambia dawa za kolesteroli zinanenepesha, eti tuzitupe. Komenti zimejaa makofi. Halafu kuna wale wa upande mwingine, wanauliza kama wanaweza kumeza za mathe ndio kitambi kiishe kabla ya Desemba.

Nyote mnapotosha watu, na hii si ya kucheka.

Tuanze na nyinyi wa kitambi. Hizo dawa zinaitwa statini, kina atorvastatin na simvastatin. Kazi yao iko kwa ini, mahali mwili unatengeneza kolesteroli yake nyingi. Dawa inapunguza huo utengenezaji, na ini linaanza kuvuta kolesteroli mbaya kutoka kwa damu. Basi. Mafuta ya tumbo haiyachomi. Ndiyo maana unapata msee mwembamba kama sindano na kolesteroli yake iko juu, hasa kama ameirithi kwao. Kwa hivyo wacha dawa ya mathe ikae kwa kabati yake.

Sasa nyinyi wa tangawizi. Statini zinanenepesha? Ukweli ni huu: kidogo sana. Mwaka wa 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 20 yenye watu zaidi ya 129,000. Baada ya kama miaka minne, waliopewa statini, au dozi kubwa zaidi, waliwazidi wenzao kwa wastani wa karibu robo kilo. Robo! Ile ya sukari unatumwa dukani. Uchambuzi huohuo ulionyesha hatari ya kupata kisukari inapanda kiasi, na hilo mtu aulize daktari wake, hasa kama sukari yake iko karibu na mpaka. Lakini kilo nane za mzae tangu Krismasi, hizo usisingizie dawa.

Angalia sahani. Huko Marekani, watafiti walilinganisha watumiaji wa statini wa 1999 na wale wa 2010. Wale wa mwisho walikuwa wanakula kalori karibu asilimia 10 zaidi. Wasiotumia dawa hawakubadilika hivyo. Na sisi tunajua hiyo tabia: vipimo vikirudi vizuri, mtu anaagiza choma kilo nzima na chipo juu, si dawa iko?

Na hii ndiyo mnaambia wazee watupe: mwaka wa 1994, jaribio la nchi za Skandinavia lilifuata wagonjwa wa moyo 4,444 kwa miaka mitano hivi. Kwa waliopewa simvastatin, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Weka hiyo kwa mizani moja, weka robo kilo kwa ile nyingine, halafu uniambie gani nzito.

Kama mzae analalamika misuli inauma au mwili unaongezeka, mpeleke kliniki. Dozi inaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa. Tembea naye jioni, mpunguzie mafuta ya kukaanga. Lakini usimwambie aache kimyakimya kwa sababu kijana fulani mwenye taa nzuri amesema.

Video utaifuta kesho. Kiharusi cha mzae hakifutiki.