Nilimwita Dadangu Muuaji, na Hakuacha Fegi

Wasee, hii imenikaa rohoni kitambo. Dadangu alikuwa na mimba ya miezi minne nilipompata nyuma ya ploti na fegi mkononi. Nikamfokea hadi akalia. Nikamwambia yeye si mama, ni muuaji. Manze, nilijiona shujaa.

Unajua alifanya nini? Alianza kuvutia chooni na kutafuna chingamu.

Kliniki nako nesi alimuuliza mbele ya foleni nzima, "Wewe huvuti sigara, sivyo?" Hapo wewe ungejibu nini? Kwetu mwanaume akivuta ana mawazo mengi, mwanamke akivuta ni malaya. Akasema havuti, ikaandikwa havuti, ikaishia hapo.

Na si eti hii kitu ni mchezo. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la makaa inayoua watu wakilala wamefunga madirisha. Inaingia kwa damu, inakalia nafasi ya oksijeni, mtoto anapata hewa kidogo. Ndio maana wengine huzaliwa kabla ya wakati ama wakiwa na uzito mdogo. Lakini ukiacha, hiyo gesi hutoka mwilini kwa siku moja au mbili. Hakuna aliyemwambia hivyo. Yeye alidhani ashaharibu, basi kuacha ni kwa nini?

Utafiti wa Uingereza uliotoka 2022 uliwapa wajawazito vocha za dukani, hadi pauni 400, wakiacha. Karibu asilimia 27 walikuwa wameacha mimba ikifika mwisho. Waliopata msaada wa kawaida pekee, asilimia 12. (Niliacha kampasi mwaka wa pili, lakini hesabu hii naielewa.) Najua, hapa kwetu hata glavu unaambiwa ujinunulie. Lakini kumuuliza mtu faraghani, bila kumkunjia uso, ni pesa ngapi?

Nilirudi nikamwomba msamaha. Nikamuuliza ni fegi gani ngumu zaidi kuacha. Akasema ile ya baada ya chai ya asubuhi. Siku hizi saa hiyo tunatembea pamoja hadi steji. Bwanake, aliyekuwa anawasha yake kitandani huku akimwambia yeye aache, sasa anavutia nje ya geti. Amenuna. Wacha anune.

Jana dadangu alinitumia ujumbe: alishikwa na hamu, akafika kibandani, akanunua ndizi. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja.