Mtoto Hasahau Msiba

"Bado mdogo huyo, atasahau tu." Ukienda msibani Bukoba au Muleba, hukosi kulisikia neno hilo. Matanga yakiisha, ukoo unakaa na watoto wanagawanywa: huyu kwa baba mdogo Mwanza, yule kwa shangazi Dar es Salaam. Bibi anabaki na kaburi kibanjani. Mtoto haulizwi.

Neno hilo ni la uongo, na sisi wa Kagera tulipaswa kuwa wa kwanza kulikataa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligundulika kwetu mwaka 1983. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama na mamia ya watu. Watoto wetu wengi wamelelewa na bibi. Walionyamaza hawakuwa wamesahau. Walikwisha kuona kwamba wakimtaja mama, watu wazima wanageuza mazungumzo.

Kule Nshamba, Muleba, mradi wa yatima uliitwa Humuliza, neno la Kihaya la kumfariji mtu. Mwaka 2003 pakaanza hapo shirika la Kwa Wazee, likiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wakiwamo bibi wanaolea wajukuu. Ndivyo inavyotakiwa: bibi amepungukiwa fedha, kulea anajua.

Wapo wanaoililia Up, filamu ya Marekani ya mwaka 2009 kuhusu mzee Carl aliyefiwa na mkewe na mtoto Russell anayemkosa baba yake. Machozi yakikauka, wanamng'oa mjukuu kwa bibi yake. Mtaniambia habari za shule. Ada inatumwa kwa simu mpaka Muleba. Huko Dar nani atamtumia mtoto bibi yake? Bibi na mjukuu wamemzika mtu mmoja. Mmoja alimzaa, mwingine ni mtoto wake. Hakuna mjomba mwenye msiba wa namna hiyo.

Niliwahi kukaa jikoni kijijini Muleba, bibi na mjukuu wake wa miaka tisa wakimenya ndizi. Mama wa mtoto alizikwa mtoto akiwa na miaka minne. Ghafla mtoto akasema, "Bibi, mama alikuwa anatoa ganda jembamba kuliko wewe."

Bibi akashusha kisu.

"Nilimfundisha mimi, mjukuu wangu. Akanipita."

Mtoto akaliokota ganda lake, akalinyanyua kwenye mwanga wa mlango kulipima unene. "Na hili?"